Mgeni wa Chakula cha Jioni na Waigizaji Waliompa Uhai

Tamthilia ya *The Man Who Came to Dinner*, kisa cha mtu aliyealikwa kula chakula cha jioni akaishia kuitawala nyumba ya wenyeji wake kwa majuma kadhaa, ilitimiza miaka 85 tarehe 16 Oktoba 2024, na siku hiyo ilipita bila tamthilia hiyo kurejeshwa Broadway, eneo la kumbi kubwa za maonyesho ya biashara jijini New York ambako ilizinduliwa. Inapokumbukwa, sifa nyingi huenda kwa waandishi wake wawili, George S. Kaufman na Moss Hart, na kwa mtu halisi aliyechorwa ndani yake, mhakiki Alexander Woollcott. Waigizaji walioipandisha jukwaani kwa mara ya kwanza, ambao bila wao mchoro huo ungebaki mzaha wa marafiki wachache wa New York, hutajwa kwa haraka au huachwa kabisa, na huo ni upungufu unaostahili kusahihishwa.

Kaufman na Hart walikwisha kuwa na jina kabla ya mwaka 1939. Walianza pamoja na *Once in a Lifetime* mwaka 1930, wakapata tuzo ya Pulitzer kwa *You Can't Take It with You*, na wote wawili wakafariki mwaka 1961, wakiwa wamepishana kwa miezi michache tu.

Kazi yao hii ni ramsa, yaani tamthilia ya kuchekesha inayomalizika kwa heri, ingawa vurugu zake za milango, simu na vifurushi huisogeza karibu na kile wahakiki wanachokiita kichekesho, ambamo matukio huongezeka kasi kupita mipaka ya uhalisia. Sheridan Whiteside, mtangazaji wa redio na mwandishi anayejulikana nchi nzima, yuko katika ziara ya mihadhara anapofika katika mji mdogo wa Mesalia, jimboni Ohio, ambako familia ya tajiri wa kiwanda, Bwana na Bibi Stanley, inamkaribisha chakula. Anateleza kwenye barafu mlangoni mwao, anaumia nyonga, na daktari wa mji anaamuru asihamishwe. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini Stanley hana namna ya kumpa jembe mtu aliyeketi katika kiti cha magurudumu huku akitishia kumfungulia kesi ya fidia ya dola 150,000. Basi mgeni anateka sebule na maktaba, anawaamuru wenye nyumba wapite mlango wa nyuma, anawaalika wafungwa kula chakula cha mchana, anapokea pengwini na jamii nzima ya mende wa utafiti kama zawadi za Krismasi, na anawashawishi watoto wa mwenyeji wake waasi na kuondoka nyumbani. Mambo yanakuwa mazito katibu wake, Maggie Cutler, anapompenda mwanahabari wa pale mjini na kutaka kuacha kazi, kwa kuwa Whiteside, ambaye wakati huo ameshaambiwa kwamba mwili wake ni mzima, anajifanya bado mgonjwa ili apate nafasi ya kuuvunja uchumba huo.

Mtu aliyekuwa kielelezo cha Whiteside hakuhitaji kutiwa chumvi nyingi. Woollcott, aliyezaliwa New Jersey mwaka 1887, alikuwa mhakiki wa tamthilia wa gazeti la *The New York Times*, na mwaka 1915 familia ya Shubert, iliyomiliki kumbi nyingi za maonyesho, ilimfungia milango kwa sababu ya tahakiki iliyoiudhi. Gazeti lilikwenda mahakamani kumtetea, likashindwa katika mahakama ya rufani ya jimbo, na Woollcott akatoka katika ugomvi huo akiwa maarufu kuliko alivyoingia. Baadaye aliandika katika jarida la *The New Yorker*, akawa mmoja wa nguzo za kundi la waandishi na wasanii waliokula pamoja mchana katika hoteli ya Algonquin na kurushiana maneno makali, na kuanzia mwaka 1933 sauti yake ilisikika redioni katika kipindi cha *The Town Crier*, ambacho kilikuwa na uwezo wa kukifanya kitabu kisichojulikana kinunuliwe kote Marekani. Aliweza kulia kwa huruma mbele ya maikrofoni na dakika chache baadaye kumtusi rafiki yake mezani, na marafiki zake waliyavumilia yote mawili.

Kisa cha kuzaliwa kwa tamthilia hii kimeshika mkondo wa masimulizi ya Hart, ambaye alijua kunogesha habari, kwa hiyo msomaji ana ruhusa ya kupunguza kidogo. Kwa mujibu wa masimulizi hayo, Woollcott alikwenda kumtembelea Hart katika nyumba yake ya shamba huko Bucks County, Pennsylvania, akadai chumba cha kulala cha mwenye nyumba, akawasumbua watumishi, akalalamikia joto la nyumba, na alipoondoka akaacha katika kitabu cha wageni maneno ya kukashifu makaribisho aliyopewa. Hart alipokuwa akimsimulia Kaufman masaibu hayo, alisema kwamba balaa lingekuwa kubwa zaidi iwapo mgeni huyo angevunjika mguu na kulazimika kubaki. Kwa muda mrefu Woollcott alikuwa amewaomba wamwandikie tamthilia ambayo yeye mwenyewe angeigiza, nao walikuwa wamekosa la kuandika. Ghafla wakawa nalo.

Ombi hilo halikuwa la mtu asiyejua jukwaa. Woollcott alikwisha kuigiza Broadway katika tamthilia mbili za S. N. Behrman, *Brief Moment* ya mwaka 1931 na *Wine of Choice* ya mwaka 1938, na alikuwa ameshirikiana na Kaufman kuandika *The Channel Road* na *The Dark Tower*, ambazo hazikudumu. Waandishi walimpelekea mswada, naye, badala ya kukasirika kwa kuonyeshwa kuwa jeuri mwenye kuharibu maisha ya watu, aliufurahia na kuutolea baraka. Alichokataa ni kuuigiza New York, akitaja ahadi zake za mihadhara. Hapo ndipo lilipoanza swali lililoiandama tamthilia hii kwa miaka miwili, swali la nani hasa mwenye haki ya kukaa katika kile kiti cha magurudumu, na swali hilo linaeleza thamani ya kazi yenyewe kuliko orodha yoyote ya tuzo.

Jibu la kwanza lilikuwa Monty Woolley, mtu wa ndevu nyeupe zilizotunzwa kwa uangalifu, aliyezaliwa New York mwaka 1888 na kusoma katika Chuo Kikuu cha Yale, alikokuwa rafiki wa mtunzi wa nyimbo Cole Porter na ambako baadaye alifundisha sanaa za maonyesho. Alipoacha ualimu, aliongoza maonyesho ya muziki ya Porter, yakiwemo *Fifty Million Frenchmen* ya mwaka 1929 na *Jubilee* ya mwaka 1935, na alianza kuigiza kama mweledi akiwa amekaribia miaka 50. Kaufman, ambaye ndiye aliyeiongoza tamthilia, alipata kwake kitu ambacho Woollcott asingeweza kukitoa: mwigizaji anayetamka tusi kwa adabu ya profesa, bila kuomba kupendwa na hadhira. Whiteside wa Woolley hakuwa nakala ya Woollcott, naye hakujaribu kuiga sauti wala umbo lake, na kwa sababu hiyo mtazamaji ambaye hakuwahi kusikia *The Town Crier* aliweza kucheka sawasawa na mtazamaji aliyekula pale Algonquin.

Wenzake nao walibeba michoro ya watu wanaojulikana. Beverly Carlton, mtunzi na mwimbaji wa Kiingereza anayepita sebuleni kwa dakika chache, alichorwa kwa sura ya Noël Coward, na sehemu hiyo alipewa John Hoysradt, ambaye katika kumbi za starehe za usiku alikuwa na sifa ya kumwiga Coward. Cole Porter alimtungia wimbo mmoja wa kuimba kinandani, akauandika kwa namna ya Coward na kuutia saini ya jina lililounganisha majina yao wawili. Carol Goodner aliigiza Lorraine Sheldon, mwigizaji mrembo anayeitwa na Whiteside kuja kumpora Maggie mchumba wake, mhusika ambaye watu wa Broadway walimtambua kuwa Gertrude Lawrence. David Burns alikuwa Banjo, ambaye ni mchekeshaji Harpo Marx kwa jina jingine, na ndiye anayeokoa uchumba kwa kusaidia kumfungia Lorraine ndani ya jeneza la kale la Kimisri lililoletwa kama zawadi. Edith Atwater, katika sehemu ya Maggie, alikuwa na kazi ngumu kuliko wote, kwa sababu alipaswa kusema kwa akili timamu katikati ya watu waliopewa ruhusa ya wazimu. Mary Wickes, mwanamke mrefu kutoka St. Louis, aliigiza Bi Preen, muuguzi anayetukanwa tangu pazia linapofunguliwa mpaka anapoamua kuacha uuguzi kabisa, na hadhira ilimngojea kila alipotoka kama inavyomngojea nyota.

Ukumbi wa Music Box huko Broadway ulionyesha tamthilia hii mara 739, hadi Julai 1941. Lakini Woollcott hakuweza kuvumilia kuona mtu mwingine akishangiliwa kwa kuwa yeye. Mwanzoni mwa mwaka 1940 alikubali kuongoza kundi jingine lililoanzia Santa Barbara, California, na mtu aliyekataa kujiigiza mjini kwake akawa anajiigiza pwani ya magharibi, akiwa mnene, mwenye moyo dhaifu na mwenye furaha kubwa. Aprili mwaka huo, kundi likiwa San Francisco, alipata shambulio la moyo na maonyesho yakakoma. Mtu mwingine angeona hiyo kuwa ishara ya kutosha, lakini mwaka 1941 alirudi katika ziara ya maonyesho na sehemu ileile, na kundi lilipofika Washington alifikia Ikulu ya White House kama mgeni wa Rais Franklin Roosevelt na mkewe Eleanor, akiondoka jioni kwenda kuigiza mgeni asiyevumilika na kurudi usiku kulala katika nyumba ya watu. Kiangazi cha mwaka huo waandishi wenyewe walijitosa: katika Bucks County Playhouse, ukumbi wa New Hope ulio karibu na shamba ambako yote yalianzia, Kaufman alikaa katika kiti cha magurudumu, Hart akawa Beverly Carlton, na Harpo Marx, ambaye kwa miaka mingi hakuwa akitamka neno mbele ya hadhira, alifungua kinywa na kumwigiza Banjo, yaani kujiigiza mwenyewe.

Kwa ushahidi uliopo, Woollcott alifurahisha watu kwa sababu walikuja kumtazama Woollcott, ilhali Woolley alifurahisha watu kwa sababu walikuja kumtazama Whiteside, na ni Whiteside aliyedumu. Woollcott alifariki tarehe 23 Januari 1943, akiwa na miaka 56, baada ya kuugua ghafla studioni katika mjadala wa redio kuhusu Ujerumani. Inasimuliwa kwamba majivu yake, yaliyokusudiwa kuzikwa katika chuo chake cha Hamilton, yalipelekwa kwanza kwa makosa katika chuo kingine cha jimbo hilohilo, na kisa hicho, kiwe kweli tupu au kimeongezewa, kinamfaa.

Mambo yaliyofuata yanaelezeka kwa ufupi. London ilimwona Robert Morley katika sehemu ya Whiteside wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Onyesho la muziki lililotokana na tamthilia hii, *Sherry!*, lilishindwa Broadway mwaka 1967. Orson Welles aliigiza Whiteside katika televisheni mwaka 1972. Na mwaka 2000 Nathan Lane aliirudisha Broadway katika ukumbi wa zamani wa Selwyn uliokarabatiwa. Tangu hapo imebaki kwa sehemu kubwa mikononi mwa shule na vikundi vya ridhaa, yaani vya watu wasiolipwa, kwa kuwa wahusika wake wanaozidi 30 ni neema kwa mwalimu mwenye wanafunzi wengi na ni hasara kwa mtayarishaji anayelipa mishahara. Kumbi kubwa zinazojisifu kwa kulinda urithi wa maonyesho ya Marekani hazina budi kuulizwa kwa nini urithi huo hukoma panapoanza gharama za waigizaji.

Lakini kati ya waigizaji wa kwanza, filamu ya kampuni ya Warner Bros., iliyotoka mwaka 1942, ndiyo iliyoamua nani akumbukwe. Bette Davis, nyota mkuu wa kampuni hiyo, alitaka John Barrymore awe Whiteside, lakini katika majaribio mbele ya kamera Barrymore, aliyekwisha kuharibiwa na pombe, alishindwa kushika maneno yake, na Woolley, ambaye hapo mwanzo hakuhesabiwa kuwa na jina la kutosha kuvuta watazamaji, akabaki na sehemu aliyoijenga mwenyewe. Wickes naye alichukuliwa, akaanza safari ya filamu iliyomfikisha hadi kwenye *Sister Act* mwaka 1992, alimoigiza mtawa mzee. Na Ruth Vivian, mwingine wa kundi la Music Box, alirudia sehemu yake ya Harriet, dada wa Bwana Stanley mwenye siri ya mauaji ya zamani. Sehemu ya Maggie ilichukuliwa na Davis mwenyewe, ya Lorraine akapewa Ann Sheridan, ya Banjo Jimmy Durante, na ya Beverly Carlton Reginald Gardiner. Burns aliendelea kushinda tuzo mbili za Tony na Hoysradt akawa mwigizaji wa filamu kwa jina la John Hoyt, lakini sehemu walizozianzisha wao, pamoja na Atwater na Goodner, katika ukumbi wa Music Box, filamu iliwapa watu wengine.