Mitoreya ya Milima ya Kuaiji

Kwenye miteremko ya Kuaiji, karibu na Shaoxing katika mkoa wa Zhejiang, China, ipo mitoreya, miti ya kokwa zinazoliwa, iliyovuka miaka 1,000. Kabla ya kuinua macho, tazama chini ya shina. Kwa mingi utaona kovu au uvimbe: hapo ndipo mti ulipobebeshwa, yaani ulipounganishwa na kikonyo cha mti mwingine.

Mtoreya huwa dume au jike. Ukipanda mbegu huna hakika utapata upi, wala kama kokwa zake zitakuwa tamu. Kwa hiyo mkulima hukata kikonyo kwenye mti jike wenye sifa, akakibebesha juu ya mtoreya mwitu. Madume machache huachwa kwa ajili ya chavua, na upepo hufanya kazi iliyobaki.

Mwenye haraka asilime zao hili. Kutoka ua hadi kokwa kukomaa ni takriban miezi 17, hivyo tawi moja hubeba zilizoiva pamoja na changa za mwakani. Ndiyo maana mvunaji wa Septemba hupanda ngazi ndefu na kuchuma kwa mkono. Akitumia fimbo ataangusha na mavuno yajayo.

Kuta za mawe huzuia udongo usiporomoke, na chai hupandwa katikati ya miti. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliutambua mfumo huu kuwa urithi wa kilimo wa dunia mwaka 2013.

Kokwa hukaangwa kwa chumvi. Bonyeza vijicho viwili vilivyo kwenye ganda, nalo litapasuka.