Samaki Mgeni Mpe Wiki Tatu

Ndugu mfugaji, sangara si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Aliletwa kutoka Ziwa Albert, Uganda, katika miaka ya 1950. Sato naye aliletwa miaka hiyohiyo. Kufikia miaka ya 1980 furu wengi walikuwa wametoweka na ngege ameadimika.

Hasara hiyo tunaikumbuka kwa sababu ilionekana. Lakini samaki mgeni huweza kuja na adui asiyeonekana. Miaka ya 1930, Umoja wa Kisovieti ulihamisha samaki waitwao stajeni kutoka Bahari ya Kaspi kwenda Bahari ya Aral. Wageni walibeba minyoo midogo ya matamvua. Wao walikuwa wameizoea, wenyeji hawakuizoea, wakafa kwa wingi.

Kwetu pia, mwaka 2018 watafiti waliripoti kirusi cha sato katika samaki wa Ziwa Victoria, upande wa Tanzania na Uganda. Hakina dawa. Ndiyo maana vifaranga vipya, viwe vya kizimba Musoma na Bunda au vya bwawa Butiama, vianze kwenye karantini: tangi la pembeni, wiki tatu hadi nne.

Hata hivyo, tangi lenyewe laweza kuua. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua. Bakteria wazuri huigeuza kuwa nitraiti, ambayo bado ni sumu, kisha nitreti isiyo na madhara makubwa. Tangi jipya halina bakteria hao, na huchukua wiki kadhaa kuwapata. Wengi huona samaki wakihema juu ya maji wakadhani ni ugonjwa, wakamwaga dawa, kumbe ni maji.

Kwa hiyo:

1. Wiki chache kabla, weka sponji kwenye tangi la samaki wazima, kisha lihamishie karantini. Lisitoke kwa samaki wagonjwa.
2. Weka samaki wachache, lisha kidogo, washa pampu ya hewa.
3. Badilisha robo ya maji mara kwa mara. Maji ya bomba yatolewe klorini kwanza.
4. Tenga nyavu na ndoo zake. Maji yake yasirudi ziwani.

Vifo vikitokea, usihamishe hata samaki mmoja. Mwite afisa uvuvi. Kizimba chako na cha jirani vinatumia maji yaleyale.