Urafiki na Padre: Habari za Mapera na Bukumbi

Katika vijiji vyetu vya Shinyanga na Geita, padre wa parokia ana vigango vingi, na mara nyingi Wakristo humwona siku moja tu baada ya majuma kadhaa. Akija, watu humzunguka: huyu ana shauri la ndoa, yule ataka barua, wa tatu aomba msaada wa karo. Akiondoka, habari zake zimekwisha mpaka atakaporudi. Si vibaya kumwendea padre kwa shida. Lakini je, huo ndio urafiki? Afadhali tutazame habari za zamani, ambazo sehemu yake ilitendeka papa hapa Usukumani.

Mwaka 1879 Padre Siméon Lourdel, Mfaransa wa shirika la Mapadre Weupe, alifika Buganda pamoja na Bruda Amans. Waganda walipojaribu kumwita kwa Kifaransa, "mon père", wakatamka Mapera, na jina hilo likamganda. (Msomaji asidhani ni yale matunda.) Kabaka Mutesa alimpokea kwa heshima, ila alichotaka hasa ni bunduki na msaada wa Wafaransa juu ya adui zake. Alipoona havipatikani, upendo ukapoa. Mwezi wa Novemba 1882 mapadre waliona hatari, wakavuka ziwa, na mwaka 1883 wakaanza misioni Bukumbi, kando ya ghuba ya Mwanza. Ukivuka ghuba hiyo kwenda magharibi, unashika njia ya Geita.

Sasa mtazame kijana mmoja wa nyumba ya kabaka, Yosefu Mukasa Balikuddembe. Mapera alimbatiza tarehe 30 Aprili 1882; hata mwaka haujaisha, padre akaenda zake. Mukasa akabaki hana Misa wala wa kumwungamia. Akafanya nini? Aliwakusanya vijana wenzake, akawafundisha sala na yote aliyokuwa ameyasikia, na hivyo ikapita miaka karibu mitatu. Mutesa akafa mwaka 1884. Mwanawe Mwanga, ambaye zamani alizoea kuwatembelea mapadre, akatuma watu Bukumbi kuwaita warudi. Mapera aliporudi Julai 1885, alikuta wasomaji wengi kuliko aliowaacha. Kwa maoni yangu, hapo ndipo urafiki wa Mukasa ulipoonekana, yaani katika siku ambazo padre hakuwapo kuona wala kushukuru.

Wala hakuwa mtu wa kujipendekeza kwa wakubwa. Mwaka ule ule Askofu James Hannington, Mwingereza, aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga. Hannington alikuwa Mprotestanti, si wa kanisa la Mukasa. Hata hivyo Mukasa alimwambia kabaka wazi kwamba ametenda vibaya. Tarehe 15 Novemba 1885 akauawa yeye mwenyewe. Tarehe 3 Juni 1886 wenzake wengi wakachomwa moto Namugongo, nao walikuwa wanafunzi wa Mapera.

Mwaka 1888 mambo yakageuka. Mwanga aliondolewa kitini, akakimbilia Magu kwa Waarabu, nao wakamweka kama mateka. Mwezi wa Oktoba mapadre nao walifukuzwa Buganda. Wakasafiri katika mashua moja na Waprotestanti, na kiboko akaitoboa njiani. Hata mwisho wa mwaka ule Mwanga alitoroka Magu. Akaenda wapi? Bukumbi, kwa mapadre ambao alikuwa amewaulia watoto wao wa ubatizo. Nao wakampokea, wakampa mahali pa kukaa.

Wengine watasema Mwanga alitafuta kiti chake tu. Yamkini ni kweli, maana maisha yake ya baadaye hayakunyooka: alibatizwa uhamishoni Shelisheli, na Waprotestanti, akafa huko mwaka 1903. Lakini siku ile ya taabu alijua mlango upi abishe, kwa sababu tangu ujana wake aliwahi kuuingia bila kuitwa na mtu. Mapadre hawakungoja kwanza moyo wake utakate ndipo wamfungulie.

Mwaka 1889 Wakristo, ambao wengi wao walikuwa wamefiwa na rafiki zao kule Namugongo, walimpigania, na mwezi wa Oktoba akaingia tena Mengo. Mapera akarudi Buganda kuendelea na kazi yake. Alikufa Rubaga tarehe 12 Mei 1890, naye alikuwa na miaka 36 tu.