Okidi Hazikufa kwa Baridi

Mama alipewa okidi siku aliyostaafu. Maua meupe, chungu cha plastiki, utepe juu. Ilipoangusha ua la mwisho akaniambia niitupe. Sikuitupa. Mwaka huo nilikuwa nimeacha chuo, niko nyumbani, sina kazi, na sikuwa na moyo wa kutupa kitu eti kwa sababu kimeacha kutoa maua.

Basi nikaiweka jikoni kwenye joto, nikaimwagilia maji kila asubuhi. Mizizi ikaanza kuoza.

Baadaye nikagundua kosa langu lina historia ndefu. Matajiri wa Uingereza wa karne ya 19 walifanya vivyo hivyo, tofauti ni kwamba wao walikuwa na pesa za kurudia. Walisikia okidi zinatoka nchi za joto, wakadhani nchi za joto ni mahali pamoja tu: msitu unaochemka. Wakajenga nyumba za vioo, wakazifunga, wakachoma makaa mchana na usiku, na okidi zikapikwa mle ndani. Yaani hakuna aliyejiuliza mbona nyingi zilitolewa milimani, Andes na Himalaya, ambako usiku baridi inaweza kushinda ya Limuru.

Zikifa, waliagiza nyingine. Hapa ndipo hadithi inakuwa mbaya. Albert Millican, mwindaji wa okidi, aliandika mwaka wa 1891 kwamba huko Kolombia waliangusha miti kama 4,000 ili kupata okidi 10,000. Kumbuka okidi hizo hazili mti. Zinakaa tu kwenye matawi, mizizi ikipigwa na hewa. Lakini kupanda mti mmoja mmoja ni kazi, shoka ni haraka. Na aliandika bila aibu, kama mtu anayehesabu mavuno.

Aliyesaidia kubadilisha mambo alikuwa mtunza bustani, Joseph Paxton, mtoto wa mkulima, ambaye hakupitia chuo kikuu (samahani, ilibidi nitaje). Mwaka wa 1826, akiwa na miaka 22, alifanywa mkuu wa bustani za Chatsworth. Alichofanya si uchawi: aliingiza hewa, akapunguza joto, akatenga okidi kulingana na hali ya hewa ya kwao. Zikaishi. Ni huyo huyo aliyechora Crystal Palace ya 1851.

Hata hivyo zilibaki mali ya wenye nazo, kwa sababu mbegu zilikuwa ngumu kuota. Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba ya chakula. Mwaka wa 1899 Mfaransa Noël Bernard alionyesha kwamba inahitaji kuvu wa kuisaidia kuota, na mwaka wa 1922 Lewis Knudson, huko Marekani, akaeleza jinsi ya kuziotesha kwa sukari ndani ya chupa, bila kuvu. Bila chupa hizo, okidi ya Mama isingefika supamaketi.

Kwa hivyo nikamwiga Paxton. Nikakata mizizi iliyooza, nikabadilisha magome chunguni, nikaihamisha hadi dirisha linalopata jua la asubuhi peke yake. Maji nasubiri mizizi itoke kijani iwe rangi ya fedha, ndio namwagilia. Aina hii, Phalaenopsis, haitoi bua la maua kama joto halishuki. Inataka wiki kadhaa za ubaridi kiasi, na Nairobi ya Julai inatoa huo bure.

Mwaka wa kwanza, wapi. Majani tu. Mwaka wa pili, Agosti, kitu kikachungulia chini ya jani. Nilidhani ni mzizi mwingine, lakini mzizi una ncha ya mviringo, na hiki kilikuwa bapa kidogo, kikielekea juu.

Mama akaja kuangalia, miwani mkononi.

"Si nilikwambia uitupe?"

"Uliniambia, Mama."

Akatoka nje, akarudi na kijiti cha kushikilia bua.