Bustani ya Tivoli: Mahali pa Kusahau na Mahali pa Kukumbuka



Kila mtu aliyelelewa katika pwani yetu anazijua pembea za siku za Idi. Watoto huvaa nguo mpya, hupewa vijisenti na wazee wao, nao huenda mbio uwanjani kupanda. Siku hizo zikiisha pembea hufunguliwa, mbao na kamba huondolewa, na uwanja hurudi kuwa uwanja. Furaha ile ni ya siku chache tu, wala hapana mtu awazaye kwamba pembea zaweza kuwa na historia, au kwamba wafalme na majeshi waweza kuingia katika habari zake.

Jioni hii nataka kuwasimulia habari za uwanja wa namna hiyo ambao haukuondolewa. Upo katika mji wa Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, kaskazini ya Ulaya, nao umekuwa ukiwafungulia watu milango tangu mwaka 1843. Jina lake ni Tivoli. Kwa umri si wa kwanza, kwani nje kidogo ya mji huo huo mna kiwanja kingine cha michezo, kiitwacho Bakken, ambacho habari zake zaanza mwaka 1583. Walakini Tivoli ndiyo bustani iliyosifiwa kupita nyingine, na wengi wa nchi za mbali walikwenda kuitazama ili waige mfano wake.

Mwanzilishi wake aliitwa Georg Carstensen. Mtu huyu alizaliwa katika bara letu hili la Afrika, mjini Algiers, mwaka 1812, kwa kuwa baba yake alikuwa balozi wa Denmark huko. Alipokuwa kijana alisafiri sana, na bustani za starehe za London na Paris ndizo alizozifanya kielelezo. Hata jina la kwanza la bustani yake lilikuwa Tivoli na Vauxhall, majina mawili yaliyokwisha kuwa mashuhuri katika miji hiyo.

Katika miaka ile Mfalme wa Denmark, Christian wa Nane, alitawala peke yake. Hapakuwa na bunge lenye mamlaka ya kutunga sheria. Carstensen alipokwenda kuomba idhini yake, inasimuliwa kwamba alimwambia Mfalme ya kuwa watu wakiwa katika mchezo hawafikiri mambo ya siasa. Neno hilo na tulishike, kwani ndilo tutakalolipima mpaka mwisho wa hotuba hii.

Mfalme akatoa idhini ya miaka mitano, na mahali palipotolewa palikuwa nje ya lango la magharibi, mbele ya boma la mji. Ardhi hiyo ilikuwa ya jeshi, na sharti lake lilikuwa zito: majengo yote yawe ya mbao na vitu vyepesi, ili adui akija yabomolewe upesi, mizinga ya bomani ipate kuona mbele yake. Basi bustani hiyo ilizaliwa huku hukumu ya kubomolewa i juu ya kichwa chake. Lakini tazameni mambo ya dunia. Boma lile la mji halipo tena, na sehemu ya handaki lake la maji ndiyo ziwa zuri lililomo ndani ya bustani hivi leo. Kilichojengwa ili kidumu kimeondoka, na kilichojengwa kwa muda kimebaki.

Milango ilifunguliwa tarehe 15 Agosti 1843. Copenhagen siku hizo ulikuwa mji wa watu wapatao 120,000 tu, nao walisongamana ndani ya boma. Hata hivyo, kabla majira ya baridi hayajafunga bustani mwaka ule ule, watu zaidi ya 170,000 walihesabiwa mlangoni. Maana yake wengi walikwenda wakarudi tena. Miongoni mwao alikuwamo mtunzi wa hadithi Hans Christian Andersen, ambaye, baada ya kuitembelea bustani mwezi wa Oktoba, alianza kuandika hadithi yake ya ndege aimbaye na mfalme wa China.

Je, watu waliocheza walisahau siasa? Mwaka 1847 Carstensen huyo huyo alifungua mjini nyumba nyingine ya starehe, ya kutumiwa wakati wa baridi, nayo iliitwa Casino. Na tarehe 20 Machi 1848, ndani ya nyumba hiyo hiyo ya starehe, watu walikusanyika kudai katiba. Siku ya pili yake maelfu walikwenda kwa miguu hata jumba la Mfalme. Christian wa Nane alikuwa amekwisha kufa, naye Mfalme mpya, Frederik wa Saba, akakubali. Katiba ya kwanza ya nchi ilitiwa sahihi tarehe 5 Juni 1849. Basi jaribio la kwanza la lile neno la Carstensen lilishindwa, tena lilishindwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Na sasa tuingie bustanini, kama mgeni aingiavyo jioni ya majira ya joto, wakati jua la kaskazini linapochelewa kutua.

Kwanza kuna pembea ya kuzunguka. Tangu mwaka wa kwanza Tivoli ilikuwa na pembea ya namna hiyo, na mchezo wenyewe asili yake ni mazoezi ya vita: hapo kale wapanda farasi wa Ulaya walizunguka mbio wakijaribu kuichoma pete iliyotundikwa kwa ncha ya mkuki. Farasi wa nyama walipobadilishwa kwa farasi wa mbao, mazoezi ya mashujaa yakawa mchezo wa watoto, na mkuki ukasahauliwa.

Mbele yake twasikia ngurumo na mayowe. Hiyo ni reli ya mlimani. Asili ya mchezo huu ni Urusi, ambako watu walijenga milima ya mbao, wakaifunika barafu, wakateleza toka juu mpaka chini. Tivoli ilikuwa na mchezo wa kuteremka tangu mwanzo, lakini reli iliyopo leo ilijengwa mwaka 1914. Njia yake imejengwa kwa mbao, urefu wake wapita mita 700, nayo yazunguka ndani na nje ya mlima wa bandia. Mtambo huyakokota magari polepole hata kileleni, kisha huyaacha. Toka hapo hapana injini tena, ila uzito wa gari na wa watu waliomo. Lenye kustaajabisha ni hili: ndani ya kila msafara wa magari amekaa mtu mmoja mwenye kushika breki kwa mkono wake. Yeye hupima uzito wa abiria na hali ya hewa, akajua mahali pa kuliachia gari lende na mahali pa kulizuia. Katika reli nyingi za michezo duniani kazi hiyo hufanywa na mitambo. Hapa, kwa zaidi ya miaka 100, abiria wameutegemea mkono na akili ya mwanadamu. Wao hupiga kelele, yeye hanyanyui sauti. Pengine ndiyo sababu wazee waliopanda walipokuwa watoto huwaleta wajukuu wao reli hiyo hiyo, wala hawaoni kuwa imezeeka.

Tukipita upande wa pili twakuta jumba dogo la mchezo la namna ya Kichina, lililojengwa mwaka 1874 na fundi mkuu Vilhelm Dahlerup. Pazia lake ni mkia wa tausi, ambao hukunjuka na kukunjwa mbele ya watazamaji. Wachezaji wake wa maigizo hawasemi hata neno moja. Husimulia yote kwa mikono, kwa uso na kwa miguu, kwa desturi ya zamani iliyotoka Italia. Kwa hiyo mgeni asiyejua lugha ya Denmark hucheka wakati ule ule acheko mwenyeji. Na mara husikika ngoma na filimbi njiani: ni kikosi cha vijana wenye makoti mekundu, kilichoanzishwa mwaka 1844, wakipita kwa mwendo wa askari bila ya kuwa askari.

Lakini msimulizi wa haki haonyeshi ua akaficha mwiba. Mwaka 1905 yalifanywa katika Tivoli maonyesho ya makoloni ya Denmark. Nchi hiyo wakati ule ilitawala visiwa vitatu vya Karibi, na wenyeji wake wengi walikuwa wazao wa Waafrika waliochukuliwa utumwani. Wenye maonyesho hawakutosheka kuonyesha sukari na mbao. Waliwaleta toka kisiwa cha St. Croix watoto wawili, Victor Cornelins wa miaka saba na Alberta Roberts wa miaka minne, wakawaweka watazamwe na watu waliolipa kiingilio. Na kwa kuwa Victor alikuwa mtoto, naye alitaka kutembea huko na huko kama watoto wote, alitiwa ndani ya tundu.

Fikirini, wasikilizaji wangu. Hatua chache tu toka hapo palikuwa na muziki na michezo, na watoto wa rika lake wakipita wameshikwa mikono na mama zao. Alberta alifariki angali kijana. Victor alibaki Denmark, akasoma, akawa mwalimu na mwanamuziki katika mji wa Nakskov, akafundisha vizazi vya watoto wa nchi ile iliyomtia tunduni. Na alipokuwa mzee aliandika mwenyewe kitabu cha maisha yake. Alifariki mwaka 1985. Visiwa vile viliuzwa kwa Marekani mwaka 1917. Hapo twajua kwamba bustani ya furaha haiwi njema kwa taa na muziki peke yake. Yapasa kuuliza ni nani achezaye, na ni nani afanywaye mchezo.

Jaribio jingine lilikuja wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wajerumani waliingia Denmark tarehe 9 Aprili 1940, na amri ikatolewa kwamba taa za usiku zizimwe au zifunikwe, ili ndege za vita zisiuone mji. Bustani ya jioni itaishije gizani? Poul Henningsen, fundi mashuhuri wa taa, ambaye alikuwa msimamizi wa majengo ya Tivoli, alitengeneza taa zilizomulika chini tu, wala mwanga wake haukuonekana toka angani. Kwa akili hiyo bustani iliendelea kukaa wazi mpaka usiku. Mwaka 1943, bustani ilipotimiza miaka 100, nchi ingali mikononi mwa wageni, walisimamisha gurudumu la kupandia lenye vikapu, kila kikapu kikining'inia chini ya mfano wa puto. Gurudumu hilo si kubwa, na lingaliko. Anayepanda leo na ajue kwamba waliopanda kwanza walikuwa watu wasio na uhuru, nao walipofika juu waliuona mji wao ukiwa na askari wa adui.

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Juni 1944 mabomu yalilipuka ndani ya Tivoli. Waliotenda hawakuwa Wajerumani, bali wenyeji wa nchi waliojiunga nao, nao walitaka kulipiza kisasi kwa sababu wapigania uhuru walikuwa wakiharibu viwanda vilivyowatumikia Wajerumani. Ukumbi mkubwa wa muziki uliteketea, na ukumbi wa vioo, na majengo mengine. Kwa nini walichagua mahali pa pembea na muziki, pasipo na bunduki wala ghala ya silaha? Kwa sababu walijua ni mahali panapopendwa na watu wote, nao walitaka kuutia mji mzima uchungu.

Lakini mji haukunyamaza. Siku hiyo hiyo Wajerumani walitoa amri ya kuwazuia watu kutoka nje usiku, na tarehe 26 Juni wafanyakazi wa kiwanda kikubwa cha meli waliacha kazi mchana, wakasema kwamba kwa kuwa jioni wamekatazwa kutoka, lazima waende mapema kutunza vibustani vyao vya mboga. Mgomo ukaenea mji mzima. Wajerumani wakakata maji, gesi na umeme. Watu wakapika nje kwa kuni. Na mwishowe, mwanzoni mwa Julai, wenye bunduki ndio waliolegeza amri. Tivoli nayo, baada ya siku si nyingi, ilifungua milango yake tena kati ya magofu. Ukumbi wa vioo ulijengwa upya mwaka 1946, na ukumbi mpya wa muziki ukafunguliwa mwaka 1956. Na mwaka 1951 alifika hapo Mmarekani Walt Disney, akatembea na kutazama kwa makini, miaka minne kabla ya kufungua bustani yake mwenyewe huko California.

Basi tulirudie lile neno alilosimuliwa Mfalme, kwamba watu wakicheza husahau. Ni kweli kwamba mtu aliyechoka hupumzika, na aliye na huzuni huituliza kwa saa moja. Lakini watu wa Copenhagen walicheza, na katiba wakaidai. Walicheza, na utawala wa wageni hawakuukubali. Na kwa ajili ya Victor na Alberta, bustani hiyo yenyewe imekuwa mahali pa kukumbuka, ingawa ukumbusho huo wauma.

Idi ijayo, mtoto wako akikuomba senti za pembea, mpe, ukasimame karibu umtazame anavyocheka hewani. Kisha geuza macho utazame pembezoni mwa uwanja, kama yuko mtoto aliyesimama kando, anayetazama tu, au anayetazamwa. Kama yuko, mwite naye apande.