Waliopelekwa Lutindi

Huku kwetu Tanga mtu akipayuka hovyo utasikia, "Huyo wa kupelekwa Lutindi." Wengi wanaosema hivyo hawajapata kufika. Lutindi ni hospitali ya wagonjwa wa akili iliyo juu milimani Usambara, wilaya ya Korogwe, na haikuanza kama hospitali. Wamisionari wa Kijerumani waliifungua mwaka 1896 iwe makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Biashara ya watumwa ilipofifia watoto wakapungua, na kuanzia 1904 nyumba zile zikapokea wagonjwa wa akili, miaka mingi kabla Dodoma haijapata hospitali yake ya akili, Mirembe. Dawa ya maana hawakuwa nayo; kulikuwa na baridi ya mlimani, sala na jembe. La jembe silicheki, maana kazi za mikono na shamba la chai ni sehemu ya matibabu huko hata sasa.

Ninavyoona mimi, aliyepelekwa mlimani ni yule aliyevuruga mtaa. Aliyejifungia chumbani hakumkera mtu, basi akaachwa humohumo. Na ugonjwa wa akili uitwao baipola ni hao wawili ndani ya mtu mmoja. Daktari wa akili Emil Kraepelin alishaliandika hilo huko Ujerumani mwaka 1899, kwamba kule kuchachamaa na ile huzuni nzito ni ugonjwa mmoja unaokuja na kuondoka.

Shangazi yangu wa Ngamiani alikuwa akiuza vitumbua. Ugonjwa huo ukimjia, halali: saa nane za usiku yuko uani anatwanga mchele, anaongea neno juu ya neno, jambo hili halijaisha kadaka lile. Akakopa kanga dukani, doti kwa doti, akawagawia majirani. Akatangaza atanunua basi la Pangani. Ukimpinga, anawaka. Majirani wakasema kapandisha mashetani. Mganga akaitwa, ubani ukafukizwa, ngoma ikapigwa, na baada ya wiki kadhaa akatulia kweli. Ugonjwa huu hata usipotibiwa hufika mahali ukashuka wenyewe, ila sifa zote alizichukua mganga.

Kisha ikaja miezi ya kulala kaelekea ukutani. Haogi, chakula kinapoa mbele yake, anasema heri Mungu amchukue. Hapo hakuna aliyeita ngoma. Bibi alisema mwanawe kaingiwa na uvivu; wengine wakasema karogwa kwa sababu ya biashara. Kauli ile ya kutaka kufa ndiyo iliyostahili kutukimbiza hospitali siku ileile, nasi tuliiacha ipite.

Alipopelekwa hospitali hatimaye, muuguzi alimsikiliza baba akieleza huzuni tupu, akamkatiza: "Samahani mzee, kabla ya kunyong'onyea hivi, kuna kipindi alichangamka kupita kiasi?" Baba akaanza kusimulia habari za basi. Tuliporudi nyumbani tulikuwa na dawa na agizo moja kuhusu usingizi: akilala kwa saa mbili au tatu tu usiku, siku mfululizo, na asubuhi hana uchovu wowote, tumrudishe haraka, tusingoje mpaka akope kanga.