Mkweche

Wapenzi wa magari wakianza kutaniana, hawakawii kurushiana neno mkweche. Wingi wake ni mikweche: magari yaliyochoka, milango imefungwa kwa waya, matairi vipara, hayawaki mpaka yasukumwe. Neno linauma kwa sababu linamgusa mwenye gari kuliko gari lenyewe.

Siku hizi naona hata Toyota IST, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2002 na sasa imejaa Dar es Salaam, inaitwa hivyo eti kwa umri wake. Siafiki. Gari linalobadilishwa oili kwa wakati na kuwaka kila asubuhi si mkweche. Lile linalotoa moshi mweusi na kuzimika kila kilima, hilo liiteni mtakavyo.